Nilivyomnong'onea Mzee Yohana Kanisani

Ndugu zangu, hili nawaambia mwenyewe, maana mjini Newala tayari linazunguka.

Kwaya yetu ilikuwa inatafuta mahali pa kufanyia tamasha. Mimi, mwalimu wa kwaya ninayejidai fundi wa sauti, nikaenda Masasi kukagua kanisa la kale la mawe, pamoja na Mama Neema, mwimbaji wetu kiongozi kwa miaka ishirini.

Nilimwacha mlangoni, nikaenda hadi madhabahuni kwa Mzee Yohana, mtunza kanisa, nikamwamkia. Kisha nikapaza sauti, "Mama Neema, unanisikia?"

"Sielewi kitu, Mwalimu! Maneno yanagongana!"

Basi nikajua pale mlangoni hafikiwi na neno. Nikampungia mkono aimbe. Alipofika kwenye noti ya juu, sauti ilikwaruza.

"Ndiye atakayeongoza?" aliuliza Mzee Yohana.

Nikamwinamia, nikamnong'oneza, "Ndiye. Sauti imechoka, Mzee, ila nampenda kama dada yangu, siwezi kumwambia. Huwa nawaambia mabinti waimbe kwa nguvu ili wamfunike."

Mzee alikohoa, akatazama dari. "Mwalimu, kuta hizi zinaharibu kelele tu. Mnong'ono zinaubeba mpaka mlangoni."

Kabla sijageuka, mnong'ono wa Mama Neema ulinifikia kana kwamba amesimama begani kwangu:

"Nami nakupenda kama kaka yangu, Mwalimu. Ndiyo maana sijawahi kukuambia unavyopiga kinanda."