Eksi Juu ya Birika

Wifi yangu hajasomea uchoraji, na anayetaka kumcheka kwa hilo ajue nafasi ya kwanza nilishaichukua mimi. Yeye ni mwandishi wa mabango. Alianza akiwa msichana, akimchanganyia rangi fundi mmoja ambaye R na L zilimpiga chenga maisha yake yote. Fundi akiandika DUKA LA LANGI, binti anarekebisha kabla mwenye duka hajafika. Ndipo mtaani wakamwita Herufi, na jina likamganda mpaka baba yake mzazi akalizoea. Vichwa vyote vilivyochorwa kwenye milango ya vinyozi upande wetu ni kazi yake. Ng'ombe wa buchani ni wake. Lile jino kubwa juu ya kliniki ya meno nalo ni lake, na nalijua vizuri kwa sababu alilichora kwa kuangalia langu.

Mimi ni fundi cherehani, mke wa kaka yake. Mume wangu anaendesha malori, mtu wa kuonekana mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo katika nyumba waliyoachiwa na wazazi wao tunaishi sisi wawili: mimi na cherehani yangu chumba cha mbele, yeye na makopo yake ya rangi chumba cha nyuma, jiko katikati. Wifi na wifi, jiko moja. Mwenye akili ameshaelewa.

Kazi za mabango zilipopungua, maana siku hizi kila duka linachapishiwa lake kwa mashine, Herufi alihamia kwenye kuta za nyumba yetu. Hakuchora milima wala maua. Alichora vitu. Mche wa sabuni mrefu kuliko mlango. Kiberiti kimefunguliwa, ndani njiti mbili. Ndala moja ya kushoto, kamba imekatika. Kando ya vitu akaandika yale maneno ambayo kila mtu ameyasoma ukutani kwa mtu: MBWA MKALI, na chini yake kijibwa kimelala fofofo, HAPA SI NJIA, na njia imepita katikati ya ukuta, watu wanatembea kwa raha zao. Wageni wakaanza kuja na simu kupiga picha. Nikawa nashona magauni huku nachunguliwa dirishani kana kwamba nami nimechorwa.

Kila mtu alikuwa na maoni, na maoni hayana ushuru. Mwalimu, jirani yetu mstaafu, alisema nyumba ni nzuri, imejengwa kwa tofali za kuchoma na mzee aliyejua kazi, ila michoro inaiharibu. Mwenye ukumbi wa sanaa kule katikati ya mji, ambaye sisi tulimwita Bwana Maonyesho, miwani yake imefungwa kamba shingoni, alisema michoro ni mizuri ila nyumba inaiharibu. Kazi kama ile, alisema, ilistahili kuwa mahali penye hadhi. Alisema hivyo amesimama mlangoni kwangu, kikombe cha chai yangu mkononi. Hadhi! Hata mmoja wao hakuniuliza mimi ninayefagia chini ya ukuta huo, wala hakumwuliza Herufi kwa nini anachora mche wa sabuni. Mimi nilishamwuliza. Alinijibu, "Wifi, umewahi kuona mtu ameuangalia?"

Basi siku moja akachora birika langu.

Si birika tu, birika langu. Lile lenye mkono uliovunjika nikaufunga waya, lenye masizi mpaka mdomoni. Alilichora kwenye ukuta wa barabarani, kubwa kama kitanda cha futi sita, na waya wenyewe akauchora mzunguko kwa mzunguko. Wateja wangu, watu wanaokuja kupimwa nguo za harusi, wakasimama kulitazama. Mmoja akasema, "Kumbe hilo ni lenu kweli?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Jioni nikamkabili jikoni. "Herufi, umaskini wangu umekuwa bango?"

"Sijachora umaskini. Nimechora birika."

"Basi chora lako."

"Langu ni hilohilo, wifi. Tuna birika moja."

"Lifute."

Alfajiri, siku ya Alhamisi, akabeba makopo yake akaondoka kwenda mji mwingine kupaka shule moja, kazi ya wiki mbili. Hatukuagana. Mimi saa mbili nikatoka bila kuugeukia ukuta, nikaenda kununua nyuzi na vifungo, na niliporudi nikakuta eksi nyekundu imekatiza birika kutoka pembe hii hadi ile, michirizi ya rangi imeshuka mpaka chini. Chini yake: S.14.

Ninajua eksi nyekundu ni nini. Sikuzaliwa jana. Ningeiona kwenye nyumba nyingine yoyote ningepiga yowe: wamekuja wale, nyumba inabomolewa. Lakini ukuta wetu ulishaandika mbwa mkali pasipo mbwa, na si njia penye njia. Ulishatania sana, ukuta ule. Nikaiangalia ile eksi nikasema moyoni, amenisikia. Kabla ya kuondoka amelikata birika. Nikafurahi. Furaha yenyewe haikuwa safi, ilikuwa ile ya mtu aliyemshinda mwenzake jikoni. Nikaingia ndani nikashona mpaka adhuhuri huku nikiimba.

Maoni sasa yakapata malisho mapya. Mwalimu akavuka barabara, akaweka mikono nyuma, akasema, "Hatimaye amejisahihisha mwenyewe. Eksi ni kosa. Amejipa kumi na nne, sijui juu ya mia?" Bwana Maonyesho akaja na mpiga picha. Akarudi nyuma hatua tatu, akasogea mbele mbili, akavua miwani. Akaniambia hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya Herufi: msanii anaikana kazi yake mwenyewe. S, alisema, ni Swali. Kumi na nne akasema ni fumbo. Picha ikawekwa kwenye tangazo la ukumbi wake, eksi kubwa mbele, birika nyuma yake. Mimi nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

Na simu sikupiga. Herufi alinitumia ujumbe kila baada ya siku mbili, "Hamjambo huko?" nikamjibu "Salama." Neno moja tu. Nilikuwa nangoja arudi aseme mwenyewe kwamba nilikuwa sahihi.

Alirudi Jumatano, siku ya kumi na tatu, asubuhi na mapema. Nilimsikia ametua makopo yake barabarani. Nikatoka. Alikuwa anauangalia ukuta.

"Nani kafanya hivi?"

"Si wewe?"

Akaigusa eksi kwa kidole. "Wifi, hii ni rangi ya maji ya kopo la bei rahisi. Na brashi imeshikwa kama ufagio. Mimi nifanye hivi?" Kisha akaisoma S.14 kwa sauti, na nikaona uso wake unabadilika. "Siku kumi na nne. Wameiandika lini?"

"Alhamisi ileile uliyoondoka," nikasema. Kuuliza si ujinga, tunaimba hivyo tangu utotoni, na mtaa mzima wenye maoni chungu nzima haukuwa na mtu hata mmoja aliyeuliza.

Tulifika ofisi ya mipango ya mji kabla hawajafungua madirisha. Afisa alikuwa mama wa makamo, amechoka lakini si mkorofi. Akafungua faili. Mtaro wa maji ya mvua unapita pembeni kwetu, akasema, na pembe ya nyumba yetu, yaani chumba cha mbele chote, iko njiani. Mtaro ungeweza kupita upande wa pili, ambako hakuna nyumba, endapo mtu angeleta pingamizi. Alama iliwekwa. Siku kumi na nne zilitolewa. Hakuna aliyekuja. "Tingatinga linakuja kesho saa tatu."

Hasira zilinipanda mpaka masikioni. "Mmeweka alama kwenye ukuta wa michoro! Hamkugonga mlango, hamkuacha karatasi, mmechora juu ya mchoro mkaondoka! Ungekuwa wewe ungejua?"

"Mama, alama ni alama."

"Na mlango ni mlango! Unagongwa!"

Akalitazama tena faili. Nadhani alijua nina haki. Akasema kuna njia moja. Tulete maelezo ya shahidi wa nje ya familia kwamba alama haikueleweka kuwa taarifa, na maelezo ya mtu aliyekuwa akiishi ndani siku zote hizo. Kabla ya saa kumi jioni. Hapo ataweza kusimamisha ubomoaji, na pingamizi lisikilizwe.

Tukakimbilia kwa Bwana Maonyesho. Nani shahidi bora kuliko yeye? Msomi, ana karatasi zenye nembo, na tangazo lenye ile eksi lilikuwa limebandikwa mlangoni kwake. Tukamweleza. Akavua miwani, akaivaa, akaivua.

"Kwa hiyo mnataka niandike kwamba alama ya mfanyakazi wa mtaro niliiita kazi bora ya sanaa?"

"Ndivyo ilivyokuwa," Herufi alisema.

"Mpenzi wangu, unaelewa nina jina." Kisha akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kwamba yeye anaithamini kazi yake kuliko mtu yeyote, kwamba hata nyumba ikivunjwa michoro itabaki kwenye picha, na labda, kwa namna fulani, kuvunjwa kwenyewe kutaikamilisha kazi. Nasema kweli, alisema hivyo. Chumba ninacholalia, kikiwa kifusi, kitaikamilisha kazi! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na sijutii hata moja. Herufi alinivuta mkono. Tulipotoka, nililibandua lile tangazo mlangoni kwake nikaondoka nalo.

Ilibidi twende kwa Mwalimu. Tulimkuta ameketi uani anasahihisha kwa kalamu nyekundu gazeti alilolinunua, ndiyo starehe yake. Akatusikiliza hadi mwisho.

"Niandike kwamba nilidhani ni sanaa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Miaka mitano nawaambia kwamba si sanaa."

"Tunajua, Mwalimu."

Akainuka, akaleta karatasi yenye mistari. Akaandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni: Mimi niliyetia sahihi hapa chini, mwalimu kwa miaka thelathini na moja, niliiona alama hiyo kila siku, nikaitolea maoni mbele za watu, na nilikosea. Akaisoma tena, akaongeza: Msimamo wangu kuhusu michoro mingine uko palepale. Akatia sahihi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hata kama mchana kutwa anakutukania ukuta.

Saa tisa tulikuwa tena mbele ya mama afisa. Akasoma karatasi ya Mwalimu, akauma mdomo asicheke, akaiweka kando. Akachukua kalamu akanigeukia.

"Sasa wewe uliyekuwa ndani. Ulidhani alama ni nini?"

"Nilidhani ni mchoro wa wifi yangu."

"Hukumpigia simu kumwuliza? Siku kumi na tatu?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Ningeweza kudanganya. Simu mbovu, mtandao, kazi nyingi. Lakini mikononi mwa Herufi mlikuwa na simu yenye majibu yangu yote, salama, salama, salama, na yeye alikuwa pembeni yangu, rangi imemkauka kwenye kucha.

"Kwa sababu nilidhani amelikata birika kwa ajili ya maneno yangu," nikasema. "Na nilifurahi."

Afisa aliandika. Nilisikia kalamu inavyokwaruza. Akaigeuza karatasi kuelekea kwangu. "Soma, kisha tia sahihi."

Neno lilikuwa pale katikati ya mstari, kwa wino: nilifurahi. Nikamwuliza kama linaweza kuondolewa. Akasema kwa upole kwamba likiondolewa hakuna sababu ya mimi kukaa kimya siku zote hizo, na bila sababu hawezi kugonga mhuri.

Herufi akanyoosha mkono, akaichukua karatasi. Akaisoma polepole, herufi kwa herufi, kama asomavyo bango la mtu mwingine kabla halijapanda juu. Nilingoja atukane. Nilitaka atukane, nimjibu, tugombane pale pale kama tulivyozoea, tumalize. Akairudisha mezani mbele yangu, akaniwekea na kalamu.

"Saini, wifi," akasema. "Wapi tena utashonea?"

Nilisaini. Mhuri ukagongwa, na nyumba ikabaki imesimama. Tulirudi kwa miguu njia nzima, na hakunilaumu hata kwa neno moja. Bora angenitukana.