Gari liliuzwa bila spea, na baba mkwe akasema bila spea hakuna harusi

Wakuu wa jukwaa la magari, habari za jioni.

Nimesoma ule uzi wa kijana aliyenunua gari jipya, akafungua buti akakuta kichupa cha gundi na kipampu cha kuchomeka kwenye soketi ya sigara. Spea hakuna, na hata mahali pa kuiweka hakuna. Mkamcheka kurasa kwa kurasa.

Mimi sikucheka. Yalinikuta kabla wengi wenu hamjazaliwa, na nusura nikose mke.

Nitaeleza kama yalivyokuwa. Shahidi yuko hapa sebuleni anachambua maharage, na mimi nina tabia ya kuandika huku nasoma kwa sauti. Nikitia chumvi nitaambiwa hapo hapo.

Ilikuwa miaka ya sabini, enzi za ujamaa. Nilikuwa karani kwenye ushirika wa kahawa Bukoba, nimepanga chumba Nshambya. Bwana shamba mmoja aliyekuwa anafanya kazi Muleba akapewa uhamisho wa kusini, akaniuzia Peugeot 404 yake. Zamani ilikuwa nyeupe. Mimi niliikuta na rangi ya barabara.

Nikakagua injini. Nikawasha taa. Nikapiga honi mpaka majirani wakatoka.

Sikukagua spea. Siku unayonunua gari la kwanza akili yote iko kwenye usukani, nani anakumbuka spea?

Nilipokuja kufungua buti nikakuta gunia kuukuu na panya amezalia humo. Bwana shamba alikuwa ameshapanda meli ya Mwanza. Nikasema potelea mbali, nitaendesha polepole.

Kwa vijana: wakati ule vipuri vilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe ilikuwa adimu. Ukiingia dukani kuulizia rimu, muuzaji anacheka kwanza ndipo anakujibu hakuna. Huku kuagiza mtandaoni mnakokujua nyinyi hatukukuota.

Sasa nije kwa Adventina.

Kwao ni juu huko Muleba. Baba yake aliitwa Ta Kalisti (huku kwetu mwanamume mzima ni Ta, mama mzima ni Ma) na alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Sisi hatukuhamishwa sana kama mikoa mingine, maana kila mtu alikuwa ameshakaa kwenye kibanja chake, mgomba wake unaegemea wa jirani. Tuliambiwa tu kwamba hapo mlipo sasa ni kijiji. Kilichoongezeka ni mwenyekiti, shamba la pamoja, na kengele ya kuwaita watu shambani.

Mambo ya posa yalikwenda vizuri. Nilikuja na baba mdogo kama mshenga wangu. Tukapewa kahawa ya kutafuna kama desturi, tukazungumza mvua, tukazungumza bei ya kahawa, tukakubaliana yote. Kilichobaki ni kupanga siku ya kumchukua bibi harusi.

Ta Kalisti akasema anataka kwanza kuliona gari litakalombeba mwanawe.

Wakuu, mzee yule hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Lakini alilizunguka lile gari taratibu, mikono nyuma, kama anakagua ng'ombe wa mahari. Akapiga teke tairi moja moja. Kisha akasema nifungue nyuma.

Nikafungua. Akachungulia.

"Mwana wange, tairi la tano liko wapi?"

"Bado nalitafuta, waitu," nikajibu kwa heshima ya Kihaya.

"Basi na siku ya harusi tutaendelea kuitafuta."

Nikadhani anatania. Baba mdogo akadhani anatania, akacheka peke yake. Ta Kalisti akarudi ndani, akakaa.

Nilikuja kuelezwa sababu baadaye. Nyumba ile ina mwiko: binti akishatoka kwao siku ya harusi, hakanyagi chini mpaka afike kwa mumewe. Dada mkubwa wa Adventina alichukuliwa na gari lililopata pancha njiani, halina spea, akashushwa akakaa kwenye migomba ya watu asiowajua mpaka jua likazama. Ndoa ile ilidumu vizuri tu na wajukuu walijaa nyumbani. Lakini Ta Kalisti hakuisamehe ile pancha mpaka anakufa.

Kwa hiyo masharti yakawa mepesi kuyasikia. Leta spea, chukua mke.

Nikaanza kuhangaika. Kuna jamaa Ijuganyondo alikuwa na rimu aliyoifungia kamba ya mbuzi. Nikambembeleza, akanipa, mbuzi akahamishiwa kwenye kisiki. Nikaipeleka mbio Hamugembe kwa fundi wangu Edmundi.

Fundi akaiangalia, akaniangalia.

"Hii ya Land Rover, ina matundu matano. Yako ina matatu."

"Haiwezi kulazimishwa?"

"Inaweza. Ila bibi harusi atatangulia na tairi, wewe utafuata na gari."

Ndugu zangu, hesabuni matundu. Mimi nilikuwa karani, kazi yangu kuhesabu magunia kutwa, na nikashindwa kuhesabu matundu matano.

Wiki zikapita. Fundi akaahidi tairi kipara na tyubu yenye viraka, kilichokosekana ni rimu. Nilianza kukosa usingizi. Barua za Adventina zikawa fupi, halafu nikasikia kuna mwalimu kijana amehamia kule na anapenda sana kupita karibu na nyumba ya mwenyekiti. Mwalimu hana gari, kwa hiyo hata spea hadaiwi.

Asubuhi moja nilikuwa Muleba kikazi, kukagua kahawa kwenye ghala. Nikaona nipitie kule juu nimwone mwenzangu hata kwa mbali. Nikiwa bado njiani nikasikia kengele ya kijiji. Sauti kali, safi, inapenya migombani. Mapigo mawili, kimya, mapigo mawili.

Nilipofika kwenye ofisi ya kijiji, aliyekuwa anagonga ni Adventina. Kumbe kama binti wa mwenyekiti hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kila siku ya shamba la pamoja. Amevaa gauni la kijani, kipande cha nondo mkononi.

Nami nikasimama nikatazama. Si yeye.

Nilikuwa natazama kengele. Rimu ya gari, imetundikwa kwa mnyororo kwenye tawi. Matundu matatu.

(Shahidi anasema hapo nisiharakishe, niseme vizuri kwamba hata salamu sikutoa. Ni kweli. Sikutoa.)

"Hii mmeipata wapi?"

"Bwana shamba alitupatia siku tuliyofungua kijiji," akasema. "Na wewe hujambo."

Spea yangu, wakuu. Ya gari langu lile lile. Ilikuwa inawaita watu kwenda kulima mihogo.

Nikaenda moja kwa moja kwa Ta Kalisti, nikamweleza. Mzee akachukua kahawa akaweka mdomoni, akatafuna muda mrefu sana.

"Ile ni mali ya kijiji," akasema mwishoni. "Si yangu."

"Najua, waitu. Lakini spea umeitaka wewe."

"Nimeitaka. Sikusema uichukue kwangu."

Hapo nikamwonea huruma. Zama zile kiongozi kugusa mali ya umma kwa shughuli ya nyumbani kwake halikuwa jambo la mzaha, na mzee alikuwa mtu wa heshima. Akisema ndiyo, atasemwa kauza kengele aoze binti. Akisema hapana, binti anabaki nyumbani kwa amri yake mwenyewe. Nadhani ile siku alitamani ningekuwa na baiskeli.

Akaitisha mkutano wa kijiji. Akalieleza jambo lenyewe bila kuficha, kisha akaondoka kwenye kiti cha mwenyekiti akakaa chini na watu, akasema ninyi amueni.

Maneno yakawa mengi. Mmoja akasema rimu na gari ni kama ndama na ng'ombe, haiwezekani ng'ombe auzwe huku ndama amefungwa kule. Mwingine akasema, "Ndugu Mwenyekiti, leo kengele, kesho utaomba jembe la kijiji likalime kibanja cha mkweo." Watu wakacheka, lakini Ta Kalisti hakucheka.

Ndipo akasimama mama yake Adventina, Ma Yustina. Mama mpole, goti lake moja bovu, kwenye mikutano huwa hasemi.

"Bojo, mnagombania chuma," akawasihi. "Anayekigonga ndiye anayeondoka. Chuma kikibaki, nitakisikia asubuhi nitadhani ni yeye. Nendeni nacho."

Mimi mwenyewe niliangalia viatu vyangu.

Wakakubaliana niwape kitu kingine kinacholia. Nikakumbuka rimu yangu ya Land Rover. Kijiji kikachukua ya matundu matano, mimi nikachukua ya matundu matatu.

Edmundi aliikuta imepinda ukingoni pale Adventina alipokuwa anagonga, akainyoosha kwa nyundo nusu siku. Akavalisha tairi, akajaza upepo. Nikairudisha Muleba kwa ukaguzi. Ta Kalisti akaigonga kwa kidole, akatega sikio, ikakaa kimya.

"Sasa imekuwa tairi," akasema. "Njoo Jumamosi."

Mnataka kujua kama njiani tulipata pancha.

Hatukupata. Kutoka Muleba mpaka Nshambya, kokoto zote zile, mabonde yote yale, hata upepo haukupungua. Bibi harusi hakukanyaga hata vumbi. Spea ilikaa nyuma imelaliwa na mikungu ya ndizi, haikufanya kazi yoyote.

Kule kijijini sasa. Jumatatu ikagongwa kengele mpya. Land Rover ile ilikuwa na sauti nzito, ya chini, kama sufuria limeanguka. Hakuna mtu aliyekwenda shambani. Ta Kalisti alisimama na jembe lake kwenye mihogo peke yake mpaka jua likawa kali. Alipouliza, kila mtu akaapa hakusikia kengele, kasikia tu fundi anagonga bati mahali. Wengine walisema kweli. Wengine, mnajua wenyewe, shamba la pamoja halikukosa watu wa kulikwepa.

Baada ya muda tukaenda kusalimia, tumebeba chumvi na sabuni. Ta Kalisti alitupokea uani. Kabla hata ya kupokea mizigo akaenda nyuma ya gari.

"Ipo?"

"Ipo, waitu."

"Ivue tairi."

Nikajua anaidai irudi. Nikaivua pale pale kwa mitaimbo, nimejaa jasho na nguo zangu za ukweni. Akaibeba mwenyewe mpaka kwenye ule mti, akaitundika, akampa Adventina ile nondo.

Mapigo mawili, kimya, mapigo mawili.

Ma Yustina alikuwa mbali, chini kabisa ya kibanja, anakata majani. Hakujua kama tumefika. Tulimwona anatokeza kwenye migomba anakimbia, na goti lake lile, panga bado mkononi, kitenge kinaburuta. Hakusalimia mtu. Alimshika mwanawe akamng'ang'ania, na nondo ikiwa katikati yao.

Nyuma yake wakaja watu na majembe, wakidhani ni siku ya shamba. Walipokuta ni wageni wakaweka majembe chini, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa, siku ikaishia hapo.

Jioni nikamwambia mzee kengele ibaki, mimi nitatafuta spea nyingine.

Akakataa.

"Unadhani niliidai ili mfike? Kufika mngefika hata kwa miguu. Niliidai ili mrudi. Iweke kwenye gari."

Nililia, wakuu. Nikasingizia moshi wa jikoni, na jiko lenyewe lilikuwa upande wa pili.

Tangu siku hiyo kila tulipokwenda nilivua tairi, rimu ikatundikwa, Adventina akagonga kabla ya salamu, kisha nikavalisha tena kwa safari ya kurudi. Vidole vyangu vina alama mpaka leo. Siku tuliyomzika Ma Yustina aliigonga pia, polepole, na watu wakaja.

Lile gari lilishakufa zamani, bodi liliuzwa chuma chakavu. Rimu sikuiuza.

Nilichojifunza: ukinunua gari fungua kila mfuniko kabla hujapiga honi. Kama halina spea, usinunue rimu kwa kuitazama rangi. Hesabu matundu, pima nafasi kati ya tundu na tundu, ijaribu kwenye gari lenyewe, na uhakikishe jeki na spana vipo. Gundi ni nzuri kwa tundu la msumari, lakini tairi likipasuka ubavu utaigeuza kuwa mafuta ya nywele.

Nimeandika haya leo kwa sababu binti yetu wa mwisho alikuja juzi na gari lake jipya, anaondoka kesho kurudi Dar. Mama yake alilizunguka taratibu, mikono nyuma, akasema afungue buti. Akakiona kichupa.

"Mwanangu, tairi la tano liko wapi?"

Nimeambiwa kesho asubuhi na mapema niende Hamugembe, na nisirudi bila rimu ya matundu matano.

Waliosoma au kulima kwa kengele ya rimu, hebu semeni hapa chini, ya kwenu ilitoka kwenye gari gani, na nani alikuwa anaigonga?