Jina la Joram Mlangoni

Miaka saba Agneta alifagia maktaba ya mji pale Kisumu, na miaka saba jina la mtoto wake lilikuwa mlangoni. Kamati ilibandika hapo majina ya watu waliokataa kurudisha vitabu. Joram alizama ziwani mwaka wa sitini na nane, lakini hao wakubwa hawakumtoa. Karatasi ikichakaa wanapiga chapa ingine, na Joram yuko tu, mwizi wa kitabu cha injini.

Agneta hakujua kusoma sana, lakini jina hilo alilijua.

"Kitabu kilirudi," aliwaambia. "Nilimpatia mwenyekiti mkononi, wiki ya matanga."

Mwenyekiti, Bwana Waliaula wa Milimani, alicheka na tumbo lake lote. "Mama, huzuni imekuchanganya. Fagia."

Akafagia. Hakumsamehe, hata kanisani.

Watu wa kamati walizoea kubeba vitabu nyumbani bila kuandikwa. Mwaka wa sabini na tano Waliaula akafa, na siku ya mkutano wa wananchi mjane wake akaleta sanduku. Dorca wa kaunta akatoa vitabu mbele ya watu. Cha tatu kilikuwa cha injini. Kadi ya Joram bado iko ndani.

Katibu wa kamati akasema, "Mama Joram, tutakuandikia barua."

"Nani atanisomea? Aliyekuwa akinisomea mlimbandika mlangoni."

Akaenda akaing'oa ile karatasi, akaikunja, akaiweka kifuani. Halafu akachukua ufagio, maana walikuwa wameingia na matope.