Maisha ya Mama Gharika, Aliyeidai Bahari

Alizaliwa tarehe tisa Machi, mwaka wa mafuriko makubwa, juu ya kabati la nguo, kwa kuwa kitanda kilikuwa kimekwisha kuelea na kutokea mlangoni. Baba yake alikuwa mchimba visima. Maisha yake yote aliyatafuta maji, na siku hiyo maji yalikuja kumtafuta yeye. Mkunga alifika amelowa hadi kiunoni, akamwogesha mtoto kwa maji yaliyokuwa tayari chumbani, akatabiri kwamba huyu hatakosa maji maishani. Alisema kweli, na ingekuwa heri angenyamaza. Ndiyo asili ya jina Gharika, ambalo mtumishi huyu wa Mungu alilibeba hadi kufa bila kununa.

Alipokua aliolewa na fundi cherehani, ambaye homa ilimchukua mapema, akabaki na binti mmoja mwenye mapengo mawili na kelele za watoto kumi. Binti alipofikisha miaka sita, alipanda kivuko pamoja na shangazi yake kwenda kununua sare za shule. Kivuko kilizama asubuhi kweupe, bila upepo wala wingu la kusingiziwa. Shangazi alipatikana. Viatu vya watu vilipatikana. Binti hakupatikana. Mama alikaa ufukweni siku arobaini, kisha akaja kuwa dobi katika shule ya bweni, na nyuma ya kanisa la shule akachimba kaburi dogo, kwa mikono iliyorithi kazi ya baba yake. Padri alikataa kulibariki, akisema kaburi lisilo na mtu ni shimo tu. Tangu hapo mama huyu alikuwa na ombi moja mbele ya Mungu: apate cha kuzika.

Wito wake ulimfikia kupitia dirisha. Chumba cha kufulia kilipakana na darasa la kidato cha tatu, na siku moja padri alikuwa akifundisha kwamba watu wa kale wa Biblia waliposema bahari hawakuwa na maana ya mahali pa kuogelea. Walimwona mnyama mwenye vichwa vingi, adui wa uumbaji, ambaye Mungu alimfungia kwa mlango na komeo. Akaeleza pia kwamba katika ua wa Hekalu kiliwekwa chombo kikubwa cha shaba kilichoitwa Bahari, kikibebwa na ng'ombe kumi na wawili, ili watu waone kwamba mnyama amefugwa na sasa kazi yake ni kunawisha makuhani. Darasa lilisinzia kama kawaida yake. Dobi aliacha kukamua shuka, akaingiza kichwa dirishani.

"Baba Padri, samahani. Huyo mnyama hutapika?"

Darasa zima liliamka kwa kicheko. "Mama, hiyo ni ishara tu," padri akasema.

"Ishara ya nini?"

"Ya kila kinachomeza watu."

"Basi si ishara, Baba. Mimi namjua."

Kesho yake alilipandisha karai kubwa la kufulia juu ya matofali kumi na mawili, kila tofali limechorwa pembe mbili kwa mkaa. Akalijaza maji, akatia chumvi, akaliambia kwa sauti ya mtu anayedai sufuria yake kwa jirani: "Mrudishe." Alifanya hivyo kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Matroni alimsema kwa kumaliza chumvi ya jikoni. Baridi yabisi ilimkunja vidole. Wanafunzi waliopita walimtania, "Mama Gharika, imetoa mtu leo?" Naye alikuwa akijibu, "Bado, wanangu. Imetoa soksi yako, tena ina tundu."

Jaribu kuu lilimpata mwaka wa kumi na tisa. Wanafunzi wawili, ambao majina yao yanahifadhiwa kwa heshima ya wazazi wao, walikuwa wamefundishwa pigo la maji kugeuka damu. Alfajiri ya Ijumaa walitia pamanganeti ya maabara, dawa inayogeuza maji kuwa mekundu, ndani ya karai, wakajificha nyuma ya mapipa wamejiziba midomo. Mama alikuja na chumvi yake, akatazama, akapiga magoti. Mnyama alikuwa amejeruhiwa. Akacheka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia pale shuleni, akaenda kumwambia padri atafute maji ya baraka, kwa kuwa mtoto anakuja.

Alikumbuka kwamba Yona alikaa tumboni mwa samaki siku tatu. Basi siku tatu alikaa getini amevaa gauni lake la kanisani, shuka dogo jeupe limekunjwa mapajani. Jumapili baada ya misa wale wawili walimjia.

"Mama, ni sisi. Ni dawa ya maabara."

Alilikunjua shuka, akalikunja tena. "Tangu Ijumaa?"

"Ndiyo, mama."

"Na kila mkienda kula mlikuwa mnaniona hapa."

Aliitazama mikono yao, iliyokuwa na madoa ya kahawia. "Mwalimu wa maabara akiiona hii mmefukuzwa," akasema. Akawapeleka chumba cha kufulia, akakata ndimu, akawasugua kidole kimoja kimoja mpaka doa la mwisho likatoka. Kesho yake alilijaza karai na kutia chumvi, lakini hakuliambia neno, wala siku zilizofuata.

Alifariki tarehe ishirini na mbili Julai. Maneno yake ya mwisho kwa padri yalikuwa haya: "Msinizike mle. Mle mna mwenyewe." Akazikwa kando ya lile kaburi dogo. Kuhusu miujiza, mpishi alitangaza kwamba maji ya karai yalimponya jino, hadi ilipobainika kwamba jino hilo lilikuwa limeng'olewa wiki moja kabla. Muujiza mwingine haujaripotiwa.

Anayetaka kumwiga asijilazimishe kuwa na tumaini, maana mwishoni hata yeye hakuwa nalo. Ajaze karai, atie chumvi. Ndivyo wanavyofanya wale wawili kila asubuhi, nao huuliza kwa niaba yake, na jibu halijaja. Kaburi dogo bado li wazi. Mvua ikinyesha hujaa, na mmoja wao hushuka na kopo kuyachota maji mpaka udongo wa chini uonekane, ili mwenyewe akifika asikute bahari imemtangulia.