Siwahesabu Ng'ombe wa Watu

Wiki iliyopita nilipelekwa semina, rafiki yangu, mimi niliyeongoza watalii tangu barabara ya Karatu ikiwa vumbi tupu. Semina yenyewe ilihusu mawasiliano kati ya watu wa tamaduni mbalimbali. Kisa ni mgeni mmoja aliyelalamika. Tulikuwa kwenye boma la Wamasai karibu na Olbalbal, akanitaka nimuulize mzee mwenyeji ana ng'ombe wangapi na watoto wangapi. Nikakataa kutafsiri. Mgeni akaandika kwamba mimi ndiye kizuizi cha mazungumzo, na bosi akaniambia bila kuzunguka kwamba nikirudia, funguo za gari nitaziacha mezani.

Mwezeshaji alikuwa kijana nadhifu mwenye projekta. Akatufundisha kwamba kila swali linastahili jibu la wazi, na kwamba penye ukimya mawasiliano yamekufa. Wenzangu wakaandika. Mimi nilifunga daftari, maana nilikwisha kumbuka harufu ya kibuyu cha maziwa, ule moshi wa kijiti cha moto kinachosuguliwa ndani yake kukisafisha, na ikinijia hiyo basi tena, sisikilizi kitu.

Nililelewa na bibi yangu, mkulima wa Kiiraqw, juu kabisa kwenye udongo mwekundu unaopakana na msitu. Kila mwaka tukishavuna mahindi, mabua yakiwa yamesimama makavu yanapigapiga kelele kwa upepo wa Agosti, alikuja mfugaji wa Kimasai kutoka Olbalbal na mke wake na ng'ombe wao. Kule kwao maji yalikuwa yamekauka. Ng'ombe wakala mabua yetu, wakalala shambani, wakatuachia mbolea. Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Asubuhi mama wa maziwa, ndivyo nilivyomwita yule mke, aliweka kibuyu mlangoni, na jioni bibi alimrudishia kikiwa kitupu, na maharage ndani ya kikapu kando yake. Bibi hakujua Kimasai cha kutosha kugombana, na wao hawakujua Kiiraqw hata cha kuombea chumvi. Kiswahili cha wote watatu kilikuwa cha kuokoteza, na walielewana kuliko wengi ninaowaona wakipeana kadi za biashara.

Basi mwaka huo nilikuwa darasa la tatu na hesabu zilikuwa zimenipanda kichwani. Mwalimu alinisifu mbele ya darasa, na tangu siku hiyo hakuna kilichopona: nilihesabu kuku, nguzo za uzio, wazee kanisani waliosinzia. Jioni moja ng'ombe wakirudi kutoka mtoni, nikapanda juu ya kichuguu, nikanyoosha kidole na kuwahesabu kwa sauti, mmoja mmoja, hadi wa mwisho. Halafu nikamtangazia mfugaji jumla yake, nikitabasamu, nikisubiri sifa. Idadi niliipata sawasawa. Sitakutajia.

Mzee yule alinitazama kidogo, akageuka, akawafuata wanyama wake.

Asubuhi yake kibuyu hakikuja mlangoni. Ndama mmoja alikuwa ametumbukia kwenye shimo la mhanga, yule mnyama mla mchwa, usiku ule na kuvunjika mguu. Mimi niliona mambo mawili yasiyohusiana, uchelewaji na bahati mbaya. Bibi aliangalia pale mahali pa kibuyu, kisha akaniuliza nilifanya nini jana. Nilipomweleza, aliushika mkono wangu.

"Umewanyooshea kidole?"

"Nimewahesabu tu, bibi. Sijakosea hata mmoja."

Hapo ndipo aliponieleza kwamba kwa wenzetu wale, mali yenye uhai na watoto wa mtu havihesabiwi kwa kidole na mdomo. Ni kama kuviita vitoke, vipotee au vife. Nikaanza kujitetea, kwamba sikujua, kwamba sikuwa na nia mbaya, na hayo yote yalikuwa kweli. Bibi akanikatisha. "Ulichosema wewe ni kimoja, alichosikia yeye ni kingine. Tunakwenda kuombea radhi hicho alichosikia yeye."

Kutoka mlangoni tuliwaona wakifunga mizigo kwenye punda. Wakiondoka, ndiyo basi. Shamba bila mbolea, mimi bila maziwa, na bibi bila wale watu aliowasubiri mwaka mzima ingawa hakuwahi kukiri kwamba anawasubiri. Akanituma nikalete majani, maana kwao anayeomba amani huyashika mkononi. Nikakimbia, nikarudi na konzi ya nyasi za manjano. "Hizi za kuezekea," akasema. "Lete mabichi." Majani mabichi mwezi wa nane! Nilizunguka hadi nikayapata machache chini ya bomba bovu la kanisa, nikayang'oa na matope yake.

Tulikwenda mimi mbele, bibi nyuma, majani mkononi mwangu. Matope yalidondoka njia nzima. Mfugaji aliendelea kukaza kamba kana kwamba hakutuona. Bibi hakusema "ni mtoto tu," maneno ambayo mtu yeyote angeyasema. Alisimama pale, kimya, nami nikasimama, na ule ukimya ulifanya kazi kubwa kuliko semina nzima. Mwisho mzee akaiacha kamba.

"Takwenya," akamsalimu bibi.

"Iko," bibi akaitikia.

Niliinamisha kichwa kama nilivyowaona watoto wao wakifanya. Mzee akaniwekea kiganja utosini, akachukua majani, kisha akanitemea mate kidogo kwenye paji la uso. Nilitaka kujifuta. Bibi akanibana bega kwa vidole vyake vya jembe, nikaelewa kwamba nimebarikiwa na nisijaribu kuharibu.

"Mtoto najua hesabu sana," mzee akamwambia bibi. "Sasa najua na ingine." Mama wa maziwa akacheka kwanza, akaanza kushusha mizigo. Nililia kwa furaha bila aibu.

Tangu hapo bibi mwenyewe, akiulizwa ana wajukuu wangapi, alijibu, "Wapo." Hata karani wa kijiji alijibiwa hivyo, akaishia kukuna kichwa.

Basi kwenye semina mwezeshaji akataka maigizo. Mmoja akawa mgeni, mimi mwongoza watalii, mwingine mzee wa boma, na bosi ameketi nyuma amekunja mikono. "Muulize ana ng'ombe wangapi," akasema yule mgeni wa kuigiza. Nikasimama. Nikasema nitamweleza mgeni kwa nini swali hilo haliulizwi, na nitamfundisha salamu ambayo mzee ataifurahia, lakini swali hilo kutoka mdomoni mwangu halitatoka, leo wala kesho, na funguo ziko hapa. Nikaziweka mezani. Mwezeshaji akatafuta slaidi ya kumsaidia, hakuipata. Bosi alitoka nje na simu yake, na hadi naandika haya hajaniambia nizichukue wala niziache.

Jioni nilipanda hadi kwenye shamba la bibi. Sasa kuna ukuta, na ndani yake mahema ya wageni yenye mabafu ya maji moto. Kichuguu kimesawazishwa. Bibi hayupo, na harufu ya kibuyu hata kwa kutafuta haipatikani. Nimekasirika, nakwambia ukweli, na sioni haya kukasirika.

Mara ya mwisho nilipopita Olbalbal kabla ya ile safari na mgeni aliyelalamika, nilimkuta mwana wa yule mfugaji wa utotoni mwangu, sasa mtu mzima, akichunga peke yake. Ukame umewapitia vibaya. Aliinua mkono, nami nikasimamisha gari, tukaulizana habari za mvua. Nyuma yake walikuwa ng'ombe waliobaki, wamesimama wazi kwenye vumbi, na mtoto wa darasa la tatu angemaliza kuwahesabu bila kuvuta pumzi mara mbili. Mkono wangu niliuacha kwenye usukani.