App inafungwa, na ng'ombe wa babu yangu wako ndani

Admin, naomba unifiche kabisa, hapa Garsen mtu akipiga chafya mtaa wa pili wanajua ni nani. Mimi ni msichana wa miaka 22, Muorma, kazi yangu ni kutengeneza video za AI kwa simu. Sijasomea mahali, nilijifundisha kwa kubonyeza kila kitu mpaka nikaelewa. Nafanya vichekesho vya mbuzi wanaobishana na matangazo ya maduka ya hapa mjini. Saa hii nimeogopa, na si kwa ajili ya vichekesho.

Wacha nianze na babu. Kwa kile kiangazi kikali ng'ombe wake walipelekwa delta, kule mto unapoingia baharini, kutafuta nyasi, wakichungwa na ami yangu, yaani ndugu ya baba. Babu mwenyewe alikuwa amelazwa Malindi, moyo. Ng'ombe wakafa mmoja mmoja mpaka wakaisha. Daktari alikuwa ametuonya mzee asipewe habari ya kumshtua, kwa hivyo alipotoka na kuuliza, ami akamwambia wako upande wa Kipini, nyasi imejaa. Babu akasema basi nileteeni picha. Ami akanivuta nyuma ya nyumba, akaniambia, "Wewe si unatengeneza mbuzi wanaoongea? Sasa nitengenezee ng'ombe wanaonyamaza."

Nilifikiri ni kitu rahisi. Video ya kwanza babu aliishika karibu na pua, akatazama, akanirudishia simu. "Hawa ni wa nani?" Ami akaruka haraka eti network imeharibu rangi. Ikabidi ami anikalishe chini anieleze ng'ombe mmoja mmoja. Burre, yule wa madoadoa, pembe ya kushoto imeinama karibu ifunike jicho, nundu imelalia upande, sikio moja lilichanwa na fisi. Na hii app iko na kitu sijaona kwa zingine: ukishamtengeneza mnyama anabaki. Ukimwita kesho anakuja yuleyule na pembe yake. Siku babu alipomwona Burre alipiga ule mluzi wa kuwaita kwa maji, na kwa bahati tu, lile sikio likacheza. Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka. Siku hiyo alimaliza sahani ya chakula, mara ya kwanza tangu atoke hospitali.

Basi ikawa kila Ijumaa akitoka msikitini anakaa kwa mkeka, ananiita mimi, "Mama, habari ya ng'ombe?" Na anakosoa huyo. "Mbona hawana inzi? Ng'ombe gani hana inzi?" Nikaongeza inzi. "Burre mbona hazai?" Hapo ndipo nilijiharibia. Nilikuwa nimenogewa, naona nimekuwa fundi, nikampa Burre ndama. Mwekundu, paji jeupe, miguu mirefu. Nilimpenda hata mimi.

Haikupita muda dada yangu akajifungua. Kwetu mtoto akizaliwa hupewa ndama, awe wake wa kuanzia maisha. Babu akambeba yule mtoto mbele ya watu wote, akasema, "Ndama wa Burre ni wako." Wale wazee wote waliokaa pale wanajua ng'ombe walikufa. Waliinua mikono wakaitikia amin. Mimi nilikuwa nimeshika sinia ya chai, nikaendelea kugawa vikombe.

Sasa juzijuzi app imetuma ujumbe kwamba huenda huduma ikasimama mwisho wa mwezi, kila mtu apakue kazi zake. Group yetu ya macreator imewaka moto, wengine wanalia, wengine wanatukana. Kijana mmoja wa Hola akaniambia, "Dada, hii imeenda, hamia app nyingine." Nimejaribu. Nimemwandika Burre mzima, doa kwa doa, ikaniletea ng'ombe mrembo wa maonyesho, pembe zote zimesimama. Babu hawezi kudanganywa na huyo hata akiwa usingizini. Ijumaa iliyopita app ilikuwa imejaa watu, haikunipa mpya, nikamrudishia video ya zamani. Akasema, "Hii nimeshaona. Hapa anageuka." Na Burre akageuka.

Babu akaiweka simu kwa mkeka. Kisha akasema, "Ng'ombe wakikosa habari mpya, wana shida. Ijumaa tukitoka kuswali naenda Kipini mwenyewe, nimlete ndama wa mtoto."

Ami akasema, "Baba, njia yote ni matope."

"Nimezaliwa kwa hayo matope."

"Na moyo je?"

"Moyo nitaenda nao."

Hatanii. Ameshaongea na kijana wa pikipiki, na fimbo yake ameiweka mlangoni. Kila nikipita naiona. Akifika huko atakuta nini? Na akianguka njiani, ni nani atakuwa amemwua, ami au mimi? Mama anasema aambiwe ukweli, lakini nikimwuliza nani atamwambia, anaingia jikoni. Ami anataka nifanye moja ya mwisho, mchungaji aonekane akisema wamehamia mbali zaidi. Dada ananyonyesha tu, ananitazama.

Kwa sababu watu wote wameivamia app, imetupunguzia idadi ya video. Mimi imenibakishia video moja tu. Nimefungua pale pa kuandika, nimekaa. Burre yuko pale na lile sikio lake, ndama amesimama kando yake, wanangoja niwaambie wafanye nini.

Nishaurini jamani, hii moja niifanyie nini? Niwaandikie waendelee kula nyasi, babu apande pikipiki? Ama niwaandikie walale chini wasiinuke tena, nimpelekee simu mkononi mwenyewe, nikae pale karibu naye akiangalia?