Mama alifanyiwa surgery ya kupunguza tumbo, bibi akaja kumlea kama mzazi

Shikamooni wakuu. Na wa rika langu, mambo vipi.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, naishi Tunduma. Kuongea mbele za watu sijajaliwa, hata darasani nikiulizwa jibu ninalolijua nasema sijui ili nikae chini haraka. Ila kuandika naweza. Haya ya leo nimeyaona kwa macho yangu na mengine nimeyapika kwa mikono yangu, kwa hiyo yasome kama yalivyo. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Kuna watu humu wanaulizia hii surgery, na majibu mengi ni ya bei na picha za kabla na baada. Mimi nitaongelea chakula. Bei msiniulize, hayo ni ya baba na mama.

Mama ni wakala wa forodha hapa mpakani. Wanaoijua kazi ile wanajua ni kazi ya kukaa. Unasubiri mtandao urudi, unasubiri dereva aonekane, unasubiri mzigo uruhusiwe.

Mama alikuwa akisubiri, anakula. Chips mayai, sambusa, soda ya baridi. Akirudi jioni anataka ugali wa maana kwa sababu mchana "hakula chakula". Kwake yeye chips hazikuwa chakula.

Alikuwa na kisukari, pressure, na magoti yaliyokuwa yanamuuma hata akitoka kitandani. Kabla hamjaandika kwamba mazoezi tu yangetosha, nawaomba mniamini, alitembea asubuhi na jirani mpaka jirani akakonda. Mama alikuwa anapungua kidogo, halafu anarudi na nyongeza. Madaktari wa Dar walimpima sana ndipo wakakubali kumfanyia, yaani kulikata tumbo la chakula libaki dogo.

Sasa hapa ndipo wengi hawajui. Diet haianzi baada ya surgery. Inaanza kabla.

Mtaalamu wa lishe alimweleza mama kwa simu, spika ikiwa wazi na mimi nimekaa pembeni. Alisema mtu mnene ini lake mara nyingi limejaa mafuta, linakuwa kubwa, na linakaa hapo hapo karibu na tumbo. Daktari akiingiza vyombo vyake linamzibia njia. Kwa hiyo zile wiki za mwisho apunguze wanga, mafuta na sukari ili lisinyae. Na kwa kuwa mama alikuwa anatumia dawa za sukari, daktari alizirekebisha dozi. Hilo msijaribu wenyewe nyumbani.

Ilikuwa likizo, jiko likawa langu. Mayai ya kuchemsha, samaki, dagaa wa kutoka Nakonde ng'ambo ya mpaka niliowachemsha na nyanya bila kukaanga, mchicha, maharage, mtindi usio na sukari. Sahani kubwa nikaipandisha juu ya kabati.

Kilichomtesa mama siyo njaa. Ni kula bila kunywa. Aliambiwa ajizoeshe mapema, chakula peke yake, kinywaji baadaye, na kila tonge litafunwe mpaka liwe kama uji ndipo limezwe. Mama hajawahi kula bila glasi pembeni. Nikiitoa mezani mkono wake unaitafuta.

Wenzake wa ofisini nao wakataka kumuaga. Siyo kumuaga yeye, kuliaga tumbo lake. Wakaagiza nyama choma na ndizi, wakaja nazo mpaka nyumbani.

"Da' Rehema, kula bwana," akasema mmoja. "Lile tumbo wanakwenda kulitupa, usilipeleke na njaa."

Watu wote wakacheka, mama akacheka zaidi yao. Halafu akachukua vipande viwili vya nyama bila mafuta, akavitafuna taratibu mpaka wale wengine wakamaliza sinia. Walipoondoka akaniambia, "Nilikuwa nataka kulia." Akaenda kulala.

Surgery ilifanyika Dar, na mama akakaa huko kwa mdogo wake mpaka daktari aliporidhika. Mambo yalienda vizuri. Alirudi nyumbani akiwa bado hatua ya vinywaji, yaani maziwa yasiyo na mafuta, supu iliyochujwa, maji ya kunywa kidogo kidogo siku nzima. Siyo kugugumia. Kile kikombe kidogo cha kupimia dawa ndicho kilikuwa kikombe chake.

Hapo ndipo bibi alipoingia.

Bibi yetu, mama yake baba, anaishi Mbozi kwenye kahawa. Baba ni dereva wa lori, na wakati ule alikuwa njiani anatoka Kongo. Akampigia bibi simu akamwambia, "Mama Neema kapasuliwa tumbo." Basi. Baba haongei sana, na mimi nimemrithi.

Wakuu, bibi amewauguza wanawake wengi waliojifungua kwa kupasuliwa. Alijua hakuna mtoto aliyezaliwa. Ila kwake tumbo likishapasuliwa ni tumbo la mzazi, mtoto awepo asiwepo, na mzazi ana taratibu zake.

Akashuka stendi na kuku hai, unga wa ulezi, siagi, pilipili manga, na kanga mbili nzito.

"Kanga za nini, bibi?"

"Za kumfunga tumbo. Na maji ya moto uchemshe, nitamkanda."

Akaomba aone kidonda. Mama akafunua kidogo. Bibi akainama, akatazama vile vitundu vya kidole kimoja kimoja, akanigeukia.

"Mke mwenzangu, hawa wamempasua au wamemdonoa?"

Mama akajitahidi, akasema vidonda bado vibichi, daktari kakataza kufunga wala kukanda. Bibi akaziweka kanga pembeni. Hilo lilipita.

La chakula ndilo mama hakuliweza. Kwetu chakula alichokupikia mama mkwe hukirudishi jikoni. Na huyu alikuwa amesafiri, amemkamata kuku wake mwenyewe. Mama anabishana na madereva wa nchi sita, lakini mbele ya bibi anakuwa kama mimi.

Bibi akapika uji wa ulezi kwa siagi, sukari na pilipili manga. Kijiko kilikuwa kinasimama. Akaleta bakuli zima, akakaa kitandani.

"Kunywa, mwanangu. Damu irudi."

Mama akanywa. Mimi niko mlangoni nimeshika kitambaa, naona anavyomeza, nasema moyoni aache, naye haachi. Ilifika karibu nusu bakuli. Ghafla akaanza kutoka jasho, akasema moyo unakwenda mbio, akalala upande. Baada ya hapo akatapika vyote.

Bibi akapangusa sakafu mwenyewe, hakuchukia hata kidogo. Akasema, "Tumbo lilikuwa tupu ndiyo maana limekataa. Kesho nitamsongea ugali, ugali unashika."

Kesho yake maji yenyewe yalikuwa hayakai. Midomo ya mama ilikauka, chooni haendi. Nikatoka nje nyuma ya nyumba nikampigia yule mtaalamu wa lishe.

Akasema ule uji na sukari ndivyo vilivyomkimbiza moyo, kwa sababu tumbo dogo linamwaga vitu haraka. Akasema kitu kizito kikimlazimisha kutapika kinasumbua mshono ambao haujapona, na mshono ukivuja ni hatari ya kufa. Arudi kwenye maji, kidogo kidogo. Yakikataa, au akipata homa au maumivu makali, twende hospitali bila kusubiri jioni.

"Na nani anampikia?" akauliza.

"Bibi."

"Mwambie asimpe kitu kizito tena."

Nikasema sawa. Bibi alikuwa jikoni, namsikia anasonga.

Nilirudi ndani nikakuta ameshafika chumbani. Ugali umefunuliwa, kuku kwenye mchuzi. Amekata tonge, amelichovya, mkono uko njiani kwenda mdomoni kwa mama. Mama akanitazama. Lile jicho la mtu anayejua atakula.

Nikasema, "Bibi, usimpe."

Sauti ilitoka ndogo, ila ilitoka. Bibi akasimamisha mkono.

"Unasemaje?"

"Asile. Ataumia."

Bibi akikasirika anahamia Kinyiha. Akasema maneno ambayo sikuyapata yote, niliyoyapata ni kwamba amezaa na kuzalisha kabla baba yangu hajajua kutambaa, na leo anafundishwa kulisha mzazi. Mama akaanza kusema, "Mama, samahani, mtoto huyu..."

Nikaona ananiombea msamaha halafu anafungua mdomo. Nikaongea haraka kabla sijaogopa tena.

"Bibi, mama siyo mzazi. Mama ndiye kichanga."

Bibi akanigeukia, tonge bado mkononi.

"Wamemkata tumbo, lililobaki ni dogo kama la mtoto. Limezaliwa juzi. Kichanga ungempa ugali?"

Bibi akaliangalia tonge. Akamwangalia mama mzima mzima, maana mama alikuwa bado mkubwa tu pale kitandani.

"Lakini huyu ana meno."

"Meno anayo, bibi. Tumbo ndilo halijaota."

Mama akacheka mpaka akashika ubavu. Bibi hakucheka. Akalila lile tonge yeye mwenyewe, taratibu, akafunika sahani, akasema kwa Kiswahili, "Sasa mlikuwa mnasubiri nini kuniambia? Mimi nimeambiwa kapasuliwa, nikaja na mambo ya kupasuliwa."

Akaniambia nilete maji na kile kikombe kidogo.

Maji yalikaa kiasi, ila hatukubahatisha, mchana ule tulimpeleka mama hospitali akaangaliwa na kuongezewa dripu. Bibi hakubaki nyuma. Nesi alipoingia akamkuta amekaa mlangoni.

"Dada, huyu ni kichanga," bibi akamwambia. "Msimpe vitu vizito."

Nesi akanitazama mimi. Nikamwambia nitaeleza.

Baada ya hapo nyumba ilitulia. Bibi alikaa nasi mpaka mama alipomaliza hatua zote, na wakuu, sijawahi kuona mtu anayejua kulisha taratibu kama yule. Mimi nilikuwa nasema protein iwe ya kwanza, yeye anajua namna ya kuifikisha. Maharage alikuwa anayamenya ganda moja moja, anayaponda, anayachuja kwa kitambaa. Yule kuku alichemshwa mpaka akalegea, nikamsaga kwenye blenda na mchuzi wake, bibi akasema amemlea kuku yule kwa mahindi mazuri na hakutegemea amwone amekuwa juisi.

Anampa mama kijiko kidogo. "Meza. Subiri. Kimeshuka?" Mama akisema nimeshiba, kijiko kinaondoka. Bibi yetu, ambaye wageni wake wote hulazimishwa kuongeza, alikuwa anasikia neno nimeshiba na anaondoa sahani.

Wageni walikuja na mahotpoti ya pilau, makande, ndizi za nyama. Bibi alikuwa anawapokea sebuleni, anawashukuru sana, anawaambia mtoto kalala. Wengi waliondoka wanaulizana mtoto yupi. Baba aliporudi kutoka Kongo akayamaliza yale mahotpoti, na hakuuliza chochote, kama kawaida yake.

Sijasema kila kitu ni kizuri. Nywele za mama zilipungua kwa muda. Mayai aliyokuwa anayapenda yakamchukiza. Vitamini atameza maisha yake yote, na kurudi kwa daktari kupima damu ni lazima. Mtaani walisema anaumwa ule ugonjwa, maana kwetu mtu akipungua haraka watu wana jibu moja. Ilimuuma wiki za mwanzo.

Lakini sasa hivi anakula nasi mezani. Samaki au nyama kwanza, mboga, halafu ugali wa tonge mbili tatu kama nafasi ipo. Kinywaji baadaye. Soda ameacha. Dawa za sukari daktari amempunguzia, magoti yamenyamaza, na ofisini anasubiri mtandao akiwa na karanga chache na maji. Juzi alitembea mpaka sokoni na kurudi, akaniambia hakukumbuka kupumzika njiani.

Bibi amerudi kwenye kahawa yake. Anapiga simu kila jioni, haongei na baba, haongei na mimi. "Nipe mtoto." Mama anachukua simu anaanza kueleza alichokula, asubuhi mpaka usiku, na bibi huko anasikiliza.

Nilichojifunza ni hiki. Kabla mgonjwa hajaenda Dar, kaeni na kila mtu atakayeshika mwiko nyumbani mumweleze. Msimwambie kapasuliwa tu halafu mkategemea atajua. Wanaotuletea chakula kibaya mara nyingi ndio wanaotupenda zaidi, hawajaambiwa tu lipi la kufanya. Na wewe unayeogopa kuongea na wakubwa kama mimi, sentensi moja inatosha, hata ikitoka ndogo.

Waliopitia hii surgery au wanaomuuguza mtu, mama alikwama kwenye mayai, ninyi mlitumia nini badala yake asubuhi? Na kama kuna mwingine alifungwa kanga, aseme.

Nimemsomea mama uzi wote kabla ya kuuweka. Aliniomba nitoe sehemu moja, nimeitoa. Simu ni yake, kwa hiyo comments atazisoma yeye kwanza. Karibuni.